Asanteni nyie mnaorudi baada ya siku ya kupanda miti

Jamani leo nataka niwashukuru watu wa kikundi chetu cha mazingira, na nianze na wale ambao kwenye picha huwa hawaonekani. Siku ya kupanda miti wote tunajua inavyokuwa, tisheti mpya, mgeni rasmi kashika jembe, makofi, picha zinamiminika kwenye grupu la Wasap mpaka simu inaganda, na mimi siku ile naipenda sana wala siisemi vibaya, watu wengi wameingia kwenye kikundi kwa sababu ya siku kama ile. Ila mche ukishafukiwa ndo kwanza kazi inaanza. Mvua inakata, magugu yanaupita mche urefu, mifugo inapita inaonja majani, na hapo ndo utawajua watu wako, maana kuna mtu anakuja na ndoo zake asubuhi jua halijawa kali, hajaitwa na yeyote, anamwagilia, anapalilia, anasogeza matandazo yasigande kwenye shina likaoza, anaondoka zake.

Kuna dada mmoja wa kitaluni kwetu, huyu lazima nimwelezee vizuri. Kabla ya miche kutoka anaimwagilia jioni yake ili udongo ushikamane, kesho yake anapasua kiriba, kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea mche, kwa wembe toka chini kwenda juu, mkono wa kushoto umekamata bonge la udongo lisimomonyoke, alafu anageuza anaangalia chini. Akikuta mizizi imeanza kujizungusha anaikata ile iliyojikunja, kwa sababu ukiiacha itaendelea kujizungusha hata ikiwa ardhini, na mti unaweza kukua miaka unapendeza kabisa siku ya upepo unalala. Kazi yote hiyo ni dakika moja kwa mche, ukipita mbio huoni kitu. Lakini miti tuliyonayo leo imesimama kwa sababu ya hiyo dakika yake, na sijawahi kusikia mtu akiitaja kwenye hotuba. Huwa tunasema tu "tunawashukuru wote walioshiriki" basi tunakaa.

Na wapo wa daftari. Kikundi chochote kikipata mtu anayeandika, mshikilieni huyo. Kwetu ni mzee fulani mstaafu, anapita mstari kwa mstari anaandika mche upi umekufa na anadhani umekufa na nini, mchwa, ukame, umekanyagwa, umepandwa pabaya pale maji yanapotuama. Mwanzoni wengine tulikuwa tunaona anatuchelewesha, ila msimu uliofuata ndo tukajua wapi tusirudie na wapi tubadilishe aina ya mti, yote kutoka kwenye lile daftari.

Ukiangalia hata historia, kujitolea kwa namna hii kumefanya makubwa sana. Mwaka 1900 Marekani, mtaalamu wa ndege Frank Chapman aliwaomba watu siku ya Krismasi wakahesabu ndege badala ya kuwapiga risasi kama ilivyokuwa kawaida kule, wakajitokeza watu 27 tu. Hesabu ile inaendelea mpaka leo na imekuwa moja ya kumbukumbu ndefu kuliko zote za ndege duniani, wanasayansi wanaitegemea kujua ndege gani wanapungua na wapi wanahamia, na wahesabuji wengi ni watu wa kawaida wenye darubini na kalamu. Au mwaka 1986 pale Texas, Linda Maraniss na wenzake walipokusanya watu wapatao 2,800 kusafisha fukwe, waliokota tani 124 za taka, lakini walichofanya cha akili zaidi ni kuwaambia watu waandike kila wanachookota, kifuniko, kamba, mfuko, kila kitu. Ukijua taka ni zipi unaanza kujua zinatoka kwa nani. Usafi ule leo unafanyika nchi nyingi duniani na bado watu wanaandika vilevile.

Sasa hii ya Wangari Maathai, yule mwanamazingira wa Kenya, ndo inanigusa kuliko zote. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake walipanda miti 7 pale Kamukunji, Nairobi, kila mti kwa heshima ya kiongozi mmoja wa jamii za Kenya. Katika hiyo 7 iliyokuja kudumu ni 2. Yaani hata mti uliopandwa kwa heshima ya mtu mkubwa, bila wa kuutunza unakufa kama mwingine wowote. Green Belt Movement, ile harakati yake ya kupanda miti, ilipokua, wanawake wa vijijini walikuwa wanapewa kiasi kidogo cha pesa kwa kila mche uliopona, uliopona jamani, siyo uliopandwa, na nadhani hapo ndo penye siri kubwa ya kazi yao. Tunzo ya Nobel ya Amani ikaja 2004, wakati huo wanawake wale walikuwa wameshabeba maji kwa miaka mingi sana.

Ndo maana nawaomba viongozi wa vikundi, tukitoa vyeti tuache yale maneno ya jumla ya "kwa mchango wako katika mazingira", huyo mtu hata haoni kama anasemwa yeye. Andikeni alichofanya. Alipalilia eneo la bondeni kipindi chote cha kiangazi. Alikata mizizi ya kila mche uliotoka kitaluni. Mtu akisomewa hivyo mbele ya wenzake na familia yake imekuja, utamwona usoni. Na kabla ya cheti kuna mambo mengine ambayo kwangu nayo ni heshima, glavu zisizotoboka, gambuti zinazomtosha, kurudishiwa nauli bila kuombaomba, na akisema hapa pasipandwe maji yanatuama basi asikilizwe, maana yeye ndo anayepajua. Watu wengi wa kujitolea hawaondoki kwa kuchoka mwili, wanaondoka wakiona hakuna anayeona.

Siku ya Kimataifa ya Kujitolea ni tarehe 5 Desemba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha mwaka 1985, ni siku nzuri ya kufanya hili kama kikundi chenu hakina siku yake. Sisi tumekubaliana kila mwanachama aandike kitu kimoja alichomwona mwenzake akifanya, kitu cha macho yake, siyo sifa za jumla, na vyeti vitaandikwa kutokana na hivyo. Mimi nimeshaandika cha dada wa kitaluni. Cha mzee wa daftari kimeandikwa na watu wengi mpaka inabidi tuchague, ila wale vijana wawili wanaozibua mtaro kila mvua ikinyesha bado sijaona aliyewaandika, kwa hiyo wa kikundi mnaosoma hapa, msiwasahau.