Foleni moja au tatu?

Jumamosi ya leo: madirisha matatu ya huduma, foleni tatu.

Ya kushoto imeganda. Fomu ya mtu mmoja ina kasoro, na wote walio nyuma yake wanalipia kosa lisilo lao. Aliyefika mwisho upande wa kulia ameshaondoka zake.

Si mkosi, ni hesabu. Ukichagua foleni moja kati ya tatu zinazofanana, uwezekano wa kuangukia ile ya haraka zaidi ni 1 kwa 3. Mara nyingi utapitwa tu.

Dawa yake ni kamba moja, foleni moja. Wa mbele anaenda dirisha lolote lililo wazi. Fomu mbovu inaziba dirisha moja, mengine mawili yanaendelea. Hesabu za foleni alizianza Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Copenhagen, Denmark, akachapisha 1909. Yeye alikuwa anahangaika na msongamano wa simu!

Inapoharibikia: foleni moja huonekana ndefu mara tatu, watu wanaguna, msimamizi anarudisha za zamani.

Na wale wa “nauliza tu”? Watengewe dirisha la maulizo, la sivyo watapenya.

Huko kwenu wanapangaje?