Siku yangu moja maabara: majani, amonia na kusubiri

Saa moja asubuhi nimeshavaa koti la maabara, hapa Brisbane. Ndugu zangu wakisikia natafuta kemikali za dawa kwenye miti ya Australia, wanadhani nashinda porini. Hapana. Mimi ni fundi sanifu maabara; majani hunifikia yakiwa yamekauka.

Leo ni zamu ya Duboisia myoporoides, mti wa asili wa huku mashariki. Skopolamini, alkaloidi iliyomo (yaani kemikali ya mmea yenye nguvu ya dawa au sumu), ndiyo waliyopewa askari kuzuia kichefuchefu cha bahari walipovuka kwenda Normandy, Ufaransa, mwaka 1944. Wenyeji walitangulia: Waaborijini walitafuna ndugu yake, pituri, yenye nikotini, wakiichanganya na majivu. Majivu yana alikali, na alikali huifungua alkaloidi. Amonia yangu inafanya kazi ileile, na kila nikiimimina nawaheshimu.

Kusaga, kuloweka kwenye asidi hafifu na kuchuja kunanifikisha saa nne. Natia matone ya kitendanishi cha Mayer, kemikali ya kutambua alkaloidi, kwenye sampuli kidogo: inageuka nyeupe kama tui. Alkaloidi zimo.

Saa tano naweka amonia hadi pH 9, namimina daikloromethani, kiyeyushio kisichochanganyika na maji, kwenye faneli ya kutenganishia, natikisa, nafungua koki kutoa gesi. Yatakiwa yajitenge matabaka mawili, maji juu, daikloromethani chini. Badala yake katikati unakaa ute mzito wa kijani uliogoma kwenda juu wala chini. Naongeza chumvi. Nasubiri. Nazungusha taratibu, nasubiri tena. Wenzangu wanakwenda kula na kurudi, ute bado uko palepale, miguu inawaka. Kuumwaga ni rahisi, lakini humo humo huenda kimenasa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, kwa hiyo siumwagi. Naupitisha kwenye pamba ya kioo, kidogo kidogo, nikifuta shingo ya faneli kila mara.

Jua limeshashuka ninapokausha kimiminika na kubaki na gundi ya kahawia chini ya chupa. Naipima kwenye bamba la silika, linalotenganisha kemikali ziwe madoa, napulizia kitendanishi cha Dragendorff kinachozipa alkaloidi rangi. Yanatokea madoa ya rangi ya chungwa: mawili yamelingana na skopolamini na alkaloidi mwenzake, hiosiamini. Chini yake kuna la tatu, hafifu.

Mara nyingi doa la namna hii huwa ni kitu kilichokwisha kuandikwa zamani. Nimeandika lebo, nimeweka kwenye friji. Kesho linaingia mashine ya kupima uzito wa molekuli. Natamani sana liwe jipya.