Hamali wawili kichochoroni: nilivyokwama na mabomba ya Python

Ofisini kwetu tunatoa mizigo bandarini Kilindini. Orodha za makontena hutujia kwa mpangilio mmoja, mfumo wetu unataka mwingine. Kazi ya kuzigeuza inafanywa na skripti, yaani programu fupi, ya lugha ya Perl aliyoiacha kijana aliyenitangulia: husoma mstari, huugeuza, huutoa. Sikutaka kuigusa, maana aliyeiandika hakuacha hata maelezo ya mstari mmoja. Nikaandika yangu kwa lugha ya Python, iiwashe ile ya Perl kwa subprocess.Popen (amri ya Python ya kuwasha programu nyingine), iimwagie orodha kwa bomba moja, yaani njia ya kupitisha data kati ya programu mbili, na kupokea majibu kwa bomba la pili.

Orodha za kilobaiti 90 hivi zilipita chapuchapu. Ilipokuja ya kilobaiti 400, kimya. Hakuna kosa lililotokea, wala programu haikufa. Mama wa nyaraka akachungulia mlangoni.

"Mwanangu, orodha bado? Dereva yuko getini tangu saa mbili."

"Yaja, mama."

Haikuwa yaja. Nilidhani Perl imekwama kwenye herufi mbaya, nikapoteza saa nzima nikipekua mstari kwa mstari. Ndipo nikatazama ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa: programu zote mbili zimelala, CPU asilimia 0. Nikaichungulia kila moja kwa strace -p, amri inayoonyesha programu inaomba nini kwa mfumo wa kompyuta. Ya kwanza imesimama kwenye write, yaani kuandika. Ya pili, write vilevile. Zote zaandika, hakuna inayosoma!

Bomba la Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Likijaa, anayeandika husimamishwa mpaka msomaji apunguze. Mimi nilikuwa namwaga orodha yote kwanza, ndipo nianze kusoma. Perl nayo ilikuwa ikijibu huku inapokea. Majibu yakajaza bomba la kurudi, ikasimama, ikaacha kusoma, na bomba la kwendea likajaa pia. Ni kama hamali wawili waliokutana kichochoroni Mji wa Kale, kila mmoja na gunia mikononi, akimngoja mwenziwe apokee. Orodha ndogo zilipona kwa kuwa zilienea ndani ya mabomba, si kwa sababu nilikuwa nimeandika vizuri.

Mwenzangu akasema, "Andika kwenye faili ya muda, bwana, tumalize." Ushauri mzuri, lakini ubishi ulikuwa umeshanipanda. Nikaweka uzi wa pembeni (thread, kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu ileile) usome majibu huku programu yangu ikiandika. Mistari ikateremka kama mvua ya Mei, kisha ikasimama karibu na mwisho kabisa. Mara hii strace ikanionyesha read, yaani kusoma: Perl yangoja mstari mwingine. Katika kuandika upya nilikuwa nimesahau kufunga mdomo wa bomba langu, na bomba likiwa wazi msomaji hawezi kujua kwamba orodha imekwisha. Nikairudisha p.stdin.close(), amri ya kuufunga, ikatoka yote.

Kilichoniudhi ni kugundua baadaye kwamba communicate(), amri ya Popen yenyewe, inafanya mambo yote mawili, kusoma huku ikiandika na kufunga bomba, na hata bomba la makosa inalisoma ukiliweka. Majibu yote huyaweka kwenye kumbukumbu, lakini kilobaiti 400 si kitu. Nikafuta uzi wangu bila huruma.

Mama akapokea karatasi, akapitisha kidole safu ya kwanza.

"Na hizi tarehe, mwanangu, mbona mwezi umekaa mbele ya siku?"

Hiyo ilikuwa Perl.