Gari Lililoumwa Alfajiri

Julai ya mwaka 2011, Njombe ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Iringa, Mama alikuwa na gari moja tu la kutegemea: Toyota Hilux ya zamani, injini ya dizeli ya aina iitwayo 2L. Ndilo lililobeba viazi vyake kutoka shambani hadi Makambako, kilomita 60 hivi, na ndilo lililonilipia ada hadi nikamaliza kidato cha sita. Wanunuzi wa viazi hawamsubiri mtu. Ukichelewa, unakuta malori yameshajaa, na magunia yako unayatoa kwa bei ya huruma.

Mwezi ule gari likaanza kugoma kila alfajiri. Stata inazunguka vizuri, rrr, rrr, rrr, injini haishiki. Tunaamsha majirani, tunasukuma kwenye sakitu, umande ulioganda, huku vidole vimekufa ganzi. Likishawaka, basi, siku nzima halina neno. Ukilizima mchana na kuliwasha tena, linaitika mara moja.

Fundi wa kwanza alisema betri. Mama akauza nguruwe, tukanunua betri mpya kwa shilingi 150,000. Kesho yake likagoma vilevile. Fundi akasema basi ni hita plagi, zile nne zinazopasha moto chemba wakati wa baridi. Nazo tukabadilisha. Sikumpinga, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba injini ya dizeli haina cheche: hewa inabanwa zaidi ya mara 20 mpaka inapata joto la kuwasha mafuta, na penye baridi joto hilo hupatikana kwa shida. Maelezo yalinikaa vizuri kichwani, nikaona kazi ya kufikiri imekwisha.

Jioni moja Mama akaniambia, “Mbona likilala kule shambani, kichwa kimeangalia bondeni, linawaka lenyewe?”

Nikamjibu, “Mama, hiyo ni bahati tu.” Akanyamaza. Jibu lile linanichoma hadi leo.

Mwishowe alimwendea mzee mmoja aliyekuwa ametengeneza matrekta miaka mingi kwenye mashamba ya chai. Mzee hakutaka tumpelekee gari. “Linaumwa alfajiri,” alisema, “nitaliona alfajiri.” Saa kumi na moja alikuwa uani kwetu, kajifunga shuka juu ya koti, mkononi mita, spana chache na kipande cha mpira unaopenyeza mwanga.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, kijana. Washa.”

Niliwasha. Yeye hakuiangalia injini. Alikwenda kusimama nyuma, kwenye ekzosi. Stata ikazunguka hadi akainua mkono. “Moshi mweupe ungeniambia dizeli inafika lakini haiungui. Hapa hakuna moshi hata chembe. Hizo plagi mmezionea bure.” Akapima betri huku nikizungusha stata: volti 10.8. Akasema iachwe, haina kosa.

Kisha akafungua boneti, akakandamiza kiganja juu ya pampu ndogo ya mkono, ile iliyo juu ya filta ya dizeli. Ilikuwa laini kama kifuko kitupu. Akaipiga, akaipiga, labda mara thelathini, mpaka ikawa ngumu. “Washa.” Likawaka kabla sijauzungusha ufunguo vizuri.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya mzee. Mzee akamgeukia. “Binti yangu, wewe ndiye mwenye gari. Kuna siku linaamka vizuri?”

Mama akamweleza habari ya shamba na bonde, yote, kwa utaratibu, hata siku alizitaja. Mzee akatazama uwanja wetu: pua ya gari ilikuwa juu, kuelekea nyumba, tangi liko chini. Akatikisa kichwa taratibu, akaipokea ile chai yake, akasema, “Umeshanimalizia nusu ya kazi.”

Akanieleza. Mahali fulani palikuwa panaingiza hewa. Gari likilala limepanda, dizeli yote iliyo njiani inarudi tangini na asubuhi pampu ya injini inavuta hewa. Likilala limeinamia mbele, dizeli inabaki upande wa injini. Lakini chini ya gari hapakuwa na tone, nikauliza inawezekanaje pavuje bila kulowa. “Huku mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Tundu la upande wa kuvuta halitoi dizeli, linaingiza hewa.”

Akafunga ule mpira wake wa kupenyeza mwanga kati ya filta na pampu ya injini. Mapovu yakapita, madogo madogo, yakifuatana. Akauhamishia kabla ya filta: mapovu bado. Kwa hiyo filta nayo ikawa salama, na tukaingia chini ya bodi, tukiufuata mrija hadi juu ya tangi, unapoungana na mpira mfupi. Alipolegeza klipu, mpira ukaonekana umepasuka palepale klipu ilipouficha. Ufa wenyewe haukuzidi urefu wa ukucha.

Mpira mpya na klipu mbili viligharimu shilingi 3,000. Bado mzee hakukubali kulipwa siku ile. Alitaka gari lilale palepale, pua juu, usiku mzima.

Alfajiri iliyofuata Mama hakuniamsha. Nilisikia mlango wa gari, kisha stata mara moja tu, na injini ikashika. Nilipotoka nilimkuta ameinama chini ya boneti na tochi, akiutazama ule mpira wa kupenyeza mwanga ambao mzee aliuacha. Dizeli ilikuwa imejaa, imetulia, haina povu. Nilimwomba msamaha kwa lile neno la bahati. Akanipa tochi nishike, akasema, “Angalia vizuri, kesho utakuwa unaangalia wewe.”