Kumbe sukari inafika mpaka kwenye mapafu, uzoefu wangu

Nina sukari aina ya 2, mwaka wa 11 huu. Macho napima kila mwaka, figo napima, miguu naikagua kila usiku, ila mapafu hakuna aliyewahi kunitajia. Mwaka jana nikaanza kukata pumzi nikipanda ngazi, ghorofa ya pili tu nasimama nashika ukuta, nikasema umri huo, nikakaa hivyo miezi 5. Naumia nikikumbuka.

Nilipoenda wakapima moyo, mzima. Damu ipo ya kutosha, eksirei safi, kile kipimo cha kupuliza kwa nguvu kimeshuka kidogo tu, na sigara sijawahi kuvuta. Ndo daktari mmoja mama mtaratibu sana akasema tupime hewa inavyovuka kutoka kwenye pafu kuingia kwenye damu. Unavuta hewa iliyochanganywa na kaboni monoksaidi kidogo mno, unabana pumzi sekunde 10, unatoa, wanaangalia imebaki kiasi gani. Yangu ilikuwa inavuka kidogo kuliko inavyotakiwa.

Akanielewesha hivi: mapafu yana vifuko vya hewa mamilioni kwa mamilioni na kila kimoja kimezungukwa na vimishipa vidogo kama wavu, sasa sukari ikikaa juu miaka mingi inanata kwenye protini za kuta zake, kuta zinanenepa, yaani ni kilekile inachofanya kwenye macho na figo. Tofauti ni kwamba mapafu yana akiba kubwa, ukikaa husikii chochote mpaka ujitumikishe, na ndo maana kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu kilikuwa kinaniandikia asilimia 97 nimekaa zangu kitini nami nikaridhika.

Dawa ya kulainisha hizo kuta hakuna, kazi ni kushusha sukari. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 3 (HbA1c) kilikuwa asilimia 9.4, wakanibadilishia dawa, nikaanza kutembea dakika 10 kwa siku, wiki za mwanzo nilitamani kuacha kabisa, saa hivi nafika 35 na kipimo hicho kiko 7.1. Nikachanja pia chanjo ya mafua na ya nimonia. Kile cha hewa kuvuka nilipokirudia mara ya pili hakijashuka, kimepanda kidogo sana, daktari kasema tusikitegemee bado.

Kama una sukari na pumzi inakukatika, ndugu yangu, mtajie daktari wako, moyo ukishaangaliwa uliza na mapafu. Mimi ghorofa ya pili napanda bila kushika ukuta sasa, ya tatu bado napumzika.