Kijapani jioni, Sinza
Jamani, kikundi chetu cha Kijapani hapa Sinza tumemaliza hiragana, herufi zote 46! Matamshi wala hayatusumbui: a, i, u, e, o zipo kama zetu, na silabi karibu zote zinaishia na irabu. Kasheshe ni sarufi. Kitenzi kinakaa mwisho kabisa, hivyo unamsikiliza mtu mpaka atue ndipo ujue wali kaula au kauacha. Halafu kuna は, herufi ya "ha", ila ikionyesha mada ya sentensi inasomwa "wa". Nani aliamua hivyo? Jumamosi tunaanza katakana, herufi za maneno ya kigeni, ndizo zitakazoandika majina yetu. Kanji, zile herufi zilizotoka Uchina, mimi sina haraka nazo. Anayetaka kujiunga aje na daftari la hesabu, lile la vyumba, herufi zisilale.