Mtathmini wa hatari za ndani aanze na hesabu

Mafunzo mengi ya hatari za ndani, yaani madhara ambayo wafanyakazi wenyewe wanaweza kuiletea taasisi yao, hufunguliwa kwa "kikulacho ki nguoni mwako". Kisha hugawiwa orodha ya dalili: madeni, kinyongo cha kunyimwa cheo, kubaki ofisini usiku. Wiki inayofuata kila mfanyakazi anaonekana mwizi. Kabla ya dalili yoyote, wape washiriki hesabu.

Tuseme taasisi ina watu 10,000, na 10 wana nia mbaya. Kipimo chako kinawanasa 9 kati yao, na kinawasingizia wasio na hatia 5 tu katika kila 100. Kizuri, sivyo? Lakini 5 kwa 100 ya watu 9,990 ni takriban 500. Utakuwa na majina 509 mezani, na 500 kati yake hayana kosa.

Ndiyo maana mtathmini hufundishwa kufuatilia mabadiliko, haulizi "huyu ni mtu wa aina gani". Kielelezo cha watafiti Shaw na Sellers, kinachoeleza jinsi mfanyakazi anavyofikia kuidhuru taasisi yake, kinataja udhaifu wa awali, misukosuko, tabia za kutia wasiwasi, na mwitikio mbaya wa mwajiri. Hilo la nne hurukwa, labda kwa kuwa linamgusa anayelipia mafunzo. Meneja apuuze malalamiko kwa miezi, halafu amsimamishe mtu kazi Ijumaa jioni na kumwachia nenosiri mpaka Jumatatu: hapo hatari imeongezwa na ofisi yenyewe.

Mfano wa kufundishia ni Ana Montes, mchambuzi wa ujasusi wa kijeshi wa Marekani aliyeipelelezea Cuba. Kazini alisifiwa. Mwenzake alimtilia shaka mwaka 1996, Montes akahojiwa, suala likafungwa. Afisa aliyemhoji alimkumbuka mwaka 2000, aliposikia FBI inatafuta jasusi asiyejulikana. Montes alikamatwa Septemba 2001. Kumbukumbu za mahojiano zitunzwe hata suala likifungwa.

Kwa mazoezi, kusanya watu 4 hadi 6 kutoka rasilimali watu, sheria, TEHAMA na usalama. Toa faili la kubuni kwa awamu tatu, na kila awamu kila mtu aandike maoni yake kabla ya mazungumzo. Bosi akitangulia kusema, wengine hufuata. Watenganishe kilichoonekana na tafsiri: "ana hasira" ni tafsiri, "alitoka kikaoni akabamiza mlango" ndicho kilichoonekana. Wadai pia maelezo mbadala mawili. Faili 4,000 zilizopakuliwa saa nane usiku zinaweza kuwa nakala rudufu ya mfumo, au nenosiri limeibwa na mwenye akaunti amelala zake.

Katika kila faili tatu, moja iwe ya mtu asiye na kosa lolote, wala usiwadokezee ni ipi. Na hukumu isiishie kwenye alama: waandike nani atafanya nini, tathmini itarudiwa tarehe gani, na jambo gani likitokea mtu huyo ataondolewa kwenye uangalizi.